Kuhesabu Nyota Zinazokonyeza

Mwaka wa 1968 mume wangu alianza kurudi nyumbani na nyasi mgongoni. Hazikuwa nyingi. Vijiti viwili vitatu vikavu vilinasa kwenye koti, katikati ya mabega, mahali ambapo mwenye koti hawezi kujiona. Alikuwa fundi wa saa. Meza yake ilikuwa barazani mwa duka la vitambaa kule chini mjini Nairobi, karibu na River Road, na barazani hakuoti nyasi. Mimi nilikuwa fundi wa cherehani pale Adams Arcade, mwaka wa pili wa ndoa, na nilijua nyasi mgongoni mwa mume zinamaanisha nini. Mwanamke gani hajui?

Sikumwuliza. Nikikasirika kidogo mimi hupiga kelele, nikikasirika sana hunyamaza, na yeye alikuwa bado hajajifunza tofauti. Aliona nimenyamaza siku tatu akadhani nina amani. Ijumaa nikamwambia mwenye duka kwamba jino linaniua, nikapanda basi hadi mjini, nikasimama ng'ambo ya barabara nikimtazama akifunga vifaa vyake. Alivifunga taratibu, kimoja kimoja, kama mtu asiye na hatia, na hilo likanichoma zaidi. Alipopanda basi la Westlands nikalipanda na mimi, nikajibanza nyuma ya bwana mnene aliyekuwa akisoma gazeti.

Westlands ya siku hizo ilikuwa nyumba za wazungu na za Wahindi wenye uwezo, bustani kubwa kubwa na ua za michongoma. Mume wangu akaingia kwenye lango moja bila hata kubisha. Nikazunguka ua nikitafuta mwanya, michongoma ikanichana mkono, na nilipopata pa kuchungulia jua lilikuwa limeshatua. Niliona wanaume wawili wamelala chali kwenye nyasi, mmoja mume wangu, mwingine mzungu mwenye kaptura, katikati yao redio ndogo. Mwanamke hakuwepo. Laiti ningemwona mwanamke ningejua la kufanya.

"Sasa," akasema mume wangu. Kimya. "Sasa." Kimya tena. "Sasa." Mzungu alikuwa akiandika gizani.

Nikapita langoni moja kwa moja. Mume wangu aliponiona aliinuka upesi hata redio ikaanguka.

"Wewe! Umefika aje hapa?"

"Kwa basi, kama wewe. Na hii ni nini mnafanya?"

"Nahesabu, mama."

"Unahesabu nini kwa nyasi ya watu?"

Akaonyesha juu kwa kidole. Mzungu naye, kwa Kiswahili chake cha jikoni, akanikaribisha: "Mama, lala hapa, ona nyota." Nikamjibu kwamba kulala sitalala, nitaona nikiwa nimesimama. Basi nikainua uso, kwa hasira tu, ili nipate cha kuwaambia kwamba hakuna kitu. Nikaona nyota inatembea. Ilikuwa inatoka upande wa Ngong kuelekea Limuru, haina haraka, kama mtu anayejua aendako. Iliwaka, ikafifia hadi nikaipoteza, nikadhani ndiyo basi, kisha ikawaka tena mbele ya pale nilipoiachia. Hasira ikaniisha bila ruhusa yangu.

"Inakukonyeza," nikamwambia mume wangu.

Tangu siku hiyo, kwetu yale mawako yakaitwa makonyezo, na mzungu mwenyewe akalichukua neno hilo akawa analitumia. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Walijuana pale alipompelekea mume wangu saa yake ya mbio itengenezwe, ile ya kubonyeza ikaanza na kubonyeza ikasimama, na mume wangu akamwuliza anaitumia kupima nini kwa vile hana umbo la mkimbiaji. Mzungu alicheka sana, akamweleza, na wiki iliyofuata akamwalika.

Alinieleza na mimi. Roketi ikishapeleka mzigo wake huko juu, mtungi wake mtupu hubaki ukizunguka dunia, na ukizunguka hubingirika wenyewe kama mkebe uliopigwa teke kwenye mteremko. Kwetu jua limetua, lakini huko juu bado linawaka, na kila mtungi ukigeuka ubavu wake hulishika jua mara moja. Ndilo konyezo. Kila mtungi una mwendo wake: mmoja hukonyeza kila sekunde tatu, mwingine kila sekunde kumi na mbili, mwingine hukonyeza mara mbili upesi halafu hukaa. Ukijua saa ulipopita, njia uliyopita na mwendo wa makonyezo yake, unaweza kuutambua ni upi, hata kama mitungi ni mingi. Tena mwendo huo haukai ulivyo. Mtungi huchoka. Mwaka huu hukonyeza kila sekunde saba, mwaka ujao kila nane, na hakuna ajuaye unachoka kwa kiasi gani mpaka mtu aketi chini ahesabu. Kwa hiyo kulikuwa na watu nchi mbalimbali wenye kazi zao za mchana, makarani, mafundi, walimu, ambao jioni walihesabu na kupelekeana barua.

"Konyezo la kwanza usihesabu," alinifundisha mume wangu kwa fahari. "Hiyo ni sifuri. Unabonyeza saa kwa sifuri, unabonyeza tena kwa kumi, halafu unagawanya."

Nilimwambia hata mtoto wa chekechea anajua kuanza na moja. Akanichorea vigingi kumi na kimoja vya ua kwenye karatasi, akaniuliza kuna nafasi ngapi kati yake. Nilihesabu mara mbili, nikachukia, nikakubali.

Mkataba wa mzungu ulipokwisha akarudi Uingereza. Alimwachia mume wangu saa ile ya mbio na darubini, na huko kwao akawa ndiye mwenye kukusanya hesabu za wote. Kila mwezi ilikuja bahasha yenye ratiba ya mitungi itakayopita juu yetu, na kila mwezi tulimpelekea hesabu zetu kwa ile barua ya ndege, karatasi ya buluu ya kukunja. Aliandika kwamba karibu na ikweta ana wahesabuji wachache mno, na kwamba bila sisi mitungi mingine ingekuwa inapita bila kuonwa na mtu. Baada ya miezi michache akaanza kutuletea orodha iliyopigwa chapa ya hesabu za wote: majina ya miji ya watu, na katikati yake, Riruta.

Mume wangu aliishia darasa la nne. Aliacha shule kwao magharibi babake alipofariki, akaja Nairobi kuosha vyombo, akajifunza saa kwa kumtazama fundi mmoja Mhindi kwa miaka mitatu kabla hajaruhusiwa kuigusa hata moja. Orodha ile aliipitia kwa kidole mpaka akafika Riruta, akakaa hapo. Hakuonyesha mtu, lakini ilikuwa daima ndani ya mfuko wa koti, na nilipofua koti ilibidi niitoe mimi na kuirudisha mimi. Nilikuwa nikimtania kwamba nikifa ataoa ile karatasi. Ukweli ni kwamba nilimwonea fahari.

Tulipanga vyumba viwili kwa mzee mmoja mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wawili. Riruta ilikuwa na giza la kutosha. Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa kuanikia nguo, na pale ndipo tulipofanyia kazi, kati ya saa moja na saa mbili za jioni, mtoto wetu wa kwanza akiwa ndani na mamangu, aliyekuwa akikaa nasi. Mume wangu alihesabu amesimama kwa sababu nilikataa kupiga koti burashi kila siku. Kabla ya kuanza tulirekebisha saa zetu kwa ile milio ya redio ya kabla ya habari. Kisha mimi nilikaa kigodani, daftari gotini, na tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya peremende ili mwanga wake usituharibie macho. Mmoja alikuwa macho, mwingine kalamu. Mwenye kalamu haangalii juu, maana akiangalia juu anasahau kuandika.

Majirani walituzoea. Mamangu alisema afadhali mume anayetazama juu kuliko anayetazama pembeni. Mwenye nyumba aliniuliza kama hicho chombo kikipita hapo juu kinaweza kumwona mtu anayemwibia mahindi. Mwezi wa Julai, mawingu yakitufunika wiki nzima, mume wangu alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutaga, na Januari anga ilipokuwa safi alikuwa mtu mwema kwa kila mtu.

Mwaka wa 1971 tulipata mtoto wa pili, na kuanzia hapo kazi ikabadilika kidogo. "Macho yako ni kali," aliniambia. "Uwe unaniambia ikitokea, unaandika saa na mahali, halafu mimi nahesabu." Nilikubali. Mshonaji anaona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, nyota inayotembea ingenishinda vipi? Nikawa nasimama, natafuta, nasema, "Imetokea, chini ya ile nyekundu." Naye anajibu, "Nimeiona." Mimi nakaa kigodani kuandika saa na mahali, na juu yangu nasikia sauti yake ikihesabu sifuri, moja, mbili, sawasawa kabisa.

Wakati huohuo akaanza kunishika mkono tukitoka nje. Nilifurahi jamani. Nilimwambia mwenzangu wa cherehani kwamba mzee amerudia uchumba. Akaanza pia kuwahi nyumbani kabla jua halijatua, akataka karabai iwashwe mapema, na jioni moja akapiga teke ndoo ambayo ilikaa palepale kila siku ya Mungu. Nikamnusa mdomo. Hakuwa amekunywa, lakini nilimsema vilevile. Mchana, mezani kwake mjini, alikuwa akibana kile kioo chake jichoni na kuweka mahali pake gurudumu dogo kuliko punje ya wimbi. Ningejuaje?

Kulikuwa na mtungi mmoja tulioupenda kuliko yote. Ulikuwa mkali, ulipita juu kabisa, na tuliuhesabu tangu mwaka wa kwanza. Jioni moja ya Februari 1973 ukawa unapita, na mwezi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sikuhitaji tochi. Nikaandika saa na mahali upesi, nikabaki sina la kufanya, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikainua kichwa yeye akiwa bado anahesabu.

"Nne," akasema. Juu hapakuwa na kitu. Mtungi ukawaka sekunde mbili baada ya neno lake.

"Tano." Giza. Ukawaka baadaye zaidi.

"Sita." Alikuwa anauacha nyuma. "Saba." Uso wake ulikuwa umeelekea juu, mtulivu, wala hakuwa anautazama mtungi. Alikuwa anatazama mahali ambapo hapakuwa na chochote.

Alipofika kumi akabonyeza, akanipa saa nimsomee kama kawaida. Sekunde tisini na nukta moja. Nikaandika. Nilikuwa na hasira, maana wazo la kwanza lililonijia ni kwamba ananidanganya, kwamba amechoka na mchezo wake na anaona uvivu kuniambia. Ndani nikafungua daftari nyuma. Mwaka wa 1970 mtungi ule ulichukua sekunde sabini na moja kwa makonyezo kumi, kisha sabini na sita, kisha themanini na tatu, na mwisho wa 1971 tisini. Kuanzia hapo ni tisini. Tisini, themanini na tisa na nukta tisa, tisini na nukta mbili, ukurasa baada ya ukurasa, mwaka na zaidi, kana kwamba mtungi wa kila mtu unachoka isipokuwa wa Riruta.

Jioni ya pili nikafanya jambo ambalo naomba radhi kwalo hadi leo, ingawa mwenye kuombwa alishanisamehe. Anga ilikuwa safi. Nilisimama nikatazama pande zote, hapakuwa na kitu kinachotembea. Nikasema, "Imetokea, juu ya mnazi wa jirani."

Riruta haina minazi.

"Nimeiona," akajibu. Akabonyeza saa. Akahesabu anga tupu kutoka sifuri hadi kumi, polepole, kwa uangalifu, kidole gumba juu ya kitufe, na mimi nikamwacha afike mwisho. Sekunde tisini kamili. Hapo ndipo hasira ilipogeuka, ikawa hofu.

"Mzee," nikamwuliza, "saa hii mimi nimesimama wapi?"

Akageuka. Alinikosa kwa hatua mbili.

"Kwani wewe unaona nini?"

"Naona giza, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ile mwaka mtoto wa pili alizaliwa. Jua ikiingia tu, mimi basi. Mchana niko sawa. Mchana hata unywele naona."

"Na hukuniambia?"

"Ningeambia nani? Fundi wa saa akisema macho imeharibika, nani ataleta saa yake? Na huyu mzungu atafanya nini? Atatoa Riruta kwa karatasi."

"Kwa hivyo ukaamua kudanganya."

"Sikuwa nadanganya!" Alipandisha sauti, yeye ambaye hakuwahi. "Nilikuwa nasikia ndani. Nimeihesabu miaka mingi, najua vile inaenda. Kitu ikishapata mwendo yake inakaa nayo."

"Hiyo ni saa! Hii ni mkebe imetupwa!"

Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunisaidia. Mtu ameshinda miaka ishirini ameinamia vitu ambavyo fundi akivirekebisha havitoki kwenye mwendo wake, sekunde zimemwingia kwenye damu, anaweza kukuhesabia dakika nzima bila kutazama asikosee. Mtu mwingine akiwa kipofu wa jioni angeshindwa kudanganya hata wiki moja. Yeye aliweza kwa sababu alikuwa fundi mzuri mno. Nikaenda nikamshika mkono, nikamwingiza ndani.

Tulikwenda hospitali. Daktari wa macho alimtazama kwa taa, akauliza kama kwao kuna mwingine mwenye shida hiyo. Ndipo mume wangu akakumbuka kwamba mamake, kule magharibi, alikuwa akiketi chini jua likianza kutua na kutaka aletewe kila kitu alipo, na watoto walidhani ni madaha ya mama. Daktari alisema dawa hakuna. Uoni wa jioni hautarudi. Wa mchana utapungua kuanzia pembeni, utabana kidogo kidogo, lakini huenda akaendelea na saa zake miaka mingi. Mume wangu alimshukuru. Nje kwenye ngazi akaniuliza kama nadhani daktari atamwambia mzungu, na nikaona kwamba macho yalikuwa yamemsumbua kidogo kuliko ile karatasi mfukoni.

"Tuache kuhesabu tu," akasema. "Tuseme mtoto ni mgonjwa, tuseme hatuna nafasi. Pole pole watasahau."

Pengine ningekubali. Nilimwonea huruma hata ningekubali mengi. Lakini wiki ile ilifika barua. Mzungu alisifu tena hesabu zetu, kwamba ndizo tulivu kuliko zote. Akaandika kuhusu mtungi wetu kwamba kuna mhesabuji mmoja, nchi nyingine kusini, ambaye kila mwezi hupeleka namba inayozidi kukua, tisini na saba, mia moja na nne, mia moja na kumi. Mzungu alikuwa amemwandikia mara mbili kumwambia aangalie saa yake, maana haikubaliani na ya Riruta. Yule mtu amejibu kwamba ameipeleka kwa fundi, na sasa anafikiria kuacha.

Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa ilikuwa jioni na yeye hawezi. Nilipofika pale pa fundi akanyanyua mkono nisimame.

"Saa yake haina makosa," akasema.

"Ndiyo."

"Amepeleka kwa fundi saa ambayo ni nzima."

"Ndiyo, mzee."

Asubuhi, jua likiwa dirishani, akachukua daftari na penseli yangu ya kuchorea vitambaa. Nilidhani ataanzia Februari ile niliyomkamata, au labda mwaka mmoja nyuma. Alifungua kurasa nyuma zaidi, akaendelea kufungua, mpaka akafika miezi ya mwisho ya 1971, kwenye hesabu zile ambazo mzungu alizisifu mara ya kwanza kwa herufi kubwa. Akapiga mstari chini ya moja yake.

"Hii niliona," akasema. "Baada ya hii sikuona."

Kisha akanisomea barua niandike, kwa Kiswahili, maana mzungu alikisoma vizuri kuliko alivyokizungumza. Nilitaka kuweka maneno ya kulainisha, niseme ugonjwa, niseme hakukusudia. Alikataa. Alitaka iandikwe kwamba fundi wa Riruta hakuwa akiona, kwamba alihesabu kwa kichwa, na kwamba yule bwana wa kusini aambiwe saa yake ni nzima na aombwe radhi na mtu aitwaye fulani, wa barazani, Nairobi. Akatia sahihi yake mwenyewe. Alitembea nayo hadi posta na kuitumbukiza kwa mkono wake, nami nikasimama pembeni nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba, kwa sababu nilikuwa nalia.

Jibu lilichukua wiki sita. Katika wiki hizo alikuwa mnyonge, alikula bila kujua anakula nini, na kila bahasha ya buluu iliyokuja kwa mwenye nyumba ilimsimamisha. Yetu ilipokuja ilikuwa nene. Ndani mlikuwa na orodha iliyopigwa chapa upya, na barua fupi. Mzungu alisema amezifuta hesabu zetu zote za chini ya mstari, amemwandikia yule bwana, naye amefurahi na anaendelea. Alisema pia kwamba ameketi na karatasi zetu siku nzima na kuna jambo moja halielewi. Makonyezo si ya kweli, sawa, lakini zile saa za mtungi kutokea, na mahali ulipotokea, zinakubaliana na za watu wengine bila kukosea hata mara moja. Aliuliza hizo ziliandikwa na nani.

"Nisomee Riruta," akasema mume wangu.

Nikamsomea. Mstari baada ya mstari palikuwa na tarehe, saa, mahali, na kwenye safu ya makonyezo kistari kitupu. Alitaka nisome yote, na kila nilipofika kwenye kistari nilisema "hakuna," na yeye akaitikia kwa kichwa. Vilikuwa vingi.

"Riruta iko," akasema.

"Iko."

"Lakini ni wewe."

Nilikunja karatasi nikaiweka mezani, nikasema mtungi wetu unapita saa moja na nusu na chakula bado.

Jioni ile tulitoka kama zamani, yeye ameushika mkono wangu, na safari hii nilijua kwa nini. Nilimpa mamangu daftari na kigoda, akalalamika kwamba hajui kuandika namba za wazungu, nikamwambia aandike za Kikristo. Saa ya mbio nikamwachia mume wangu, kwa kuwa kidole chake kilikuwa chepesi kuliko changu na sikio lake zaidi. Tulikubaliana kwamba mimi nitasema na yeye atabonyeza.

"Imetokea," nikasema.

Nilisubiri ile sauti ya siku zote.

"Sijaiona," akasema. "Iko wapi?"

Nikaushika mkono wake wa kushoto, nikaunyoosha kuelekea Ngong, na mtungi ulipopanda nikawa naupandisha mkono nao polepole. "Sifuri," nikasema, akabonyeza. Kisha tukangoja. Zilipotimia sekunde tisa nilihisi mkono wake ukishtuka ndani ya wangu, kwa sababu mwili wake ulikuwa umeshasema moja. Juu kulikuwa bado giza. Kumi. Kumi na moja. Ulipokonyeza nikasema, "Moja," naye akatoa pumzi kama mtu aliyepokea habari za mgonjwa.

"Imechoka hivyo?" akauliza.

"Imechoka."

"Na mimi nilikuwa naikimbiza."

Nikaendelea kuhesabu. Kila mara mkono wake ulishtuka mapema, kila mara kidogo kuliko mara iliyotangulia, na kufikia nane ulikuwa umetulia, unanisubiri.